Bibi Erin Pizzey na Nyumba ya Chiswick

Huenda, msomaji wangu, umezoea kufikiri kwamba haki za wanaume hutetewa na wanaume, na haki za wanawake hutetewa na wanawake, kana kwamba kila upande una boma lake na walinzi wake langoni. Historia haikubali mpango huo. Nataka nikusimulie habari za mwanamke mmoja wa Uingereza aliyewatendea wanawake wenziwe jambo kubwa, kisha akapoteza urafiki wa wengi wao kwa sababu alikataa kuwasahau wanaume.

Erin Pizzey alizaliwa Uchina mwaka 1939, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya Uingereza katika mambo ya nchi za nje. Kwa nje nyumba yao ilikuwa ya watu wa heshima. Kwa ndani, kama alivyosimulia mwenyewe ukubwani, mama yake alikuwa akimcharaza kwa waya wa pasi hata damu ikamtiririka miguuni. Baba naye alikuwa mtu wa hasira kali. Likumbuke jambo hili, maana mengi yaliyofuata yalitoka hapo: Erin alijua tangu utoto kwamba mkono wa mwanamke nao waweza kuumiza.

Mwaka 1971 alifungua nyumba ndogo chakavu huko Chiswick, magharibi ya London, ili akina mama wa mtaa wakutane humo, wanywe chai na watoto wao wacheze. Haukupita muda akaingia mwanamke aliyejaa alama za mapigo, akaomba hifadhi. Siku zile polisi aliyeitwa katika ugomvi wa mke na mume mara nyingi alisema hayo ni mambo ya nyumbani, akaenda zake. Erin alimpokea. Habari zikaenea, na wengine wakaja na watoto wao, usiku na mchana, wakalala sakafuni wamebanana. Baadaye walipata nyumba kubwa zaidi. Halmashauri iliamuru wasizidi watu 36 humo. Wakaguzi wakakuta 75! Shauri lilipanda hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi, na mwaka 1977 Erin akashindwa. Lakini mlango haukufungwa. Mwaka 1974 alikuwa amekwisha kuandika kitabu kilichoifunulia nchi mambo yaliyofichwa nyuma ya kuta, na mwaka 1976 Bunge likatunga sheria ya kumwezesha mke kupata amri ya mahakama ya kumzuia mume mkatili asikanyage nyumbani.

Kama angekomea hapo, angesifiwa na kila mtu. Lakini Erin alikuwa akiwatazama wageni wake kwa macho yaliyofunzwa na utoto wake. Alisema kwamba katika wanawake 100 wa kwanza waliokimbilia kwake, 62 walikuwa wakali sawa na waume waliowakimbia, na kwamba ukatili hurithiwa na watoto wa kike na wa kiume katika malezi. Mwaka 1982 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Waandamanaji walimngoja na mabango, vitisho vikamjia, naye akaihama Uingereza akaenda kukaa Marekani.

Hapa simama kidogo upime. Hesabu ya Erin ilikuwa ya mlango mmoja tu. Wataalamu wengi waliipinga, na ni kweli kwamba katika Uingereza wengi wanaouawa na wenzi wao ni wanawake. Mimi pia siwezi kuipokea kuwa kipimo cha nchi nzima. Lakini hesabu hujibiwa kwa hesabu, si kwa vitisho.

Wala hakuwa peke yake. Huko Marekani, Karen DeCrow, aliyekuwa rais wa chama kikubwa cha kutetea wanawake tangu 1974 hata 1977, alisimama mahakamani kumtetea mwanamume aliyedaiwa matunzo ya mtoto, akasema kwamba mwanamke akiwa na hiari ya kuzaa au kutozaa, mwanamume naye asifungwe na uamuzi ambao hakushiriki. Na mwaka 2016 Cassie Jaye, aliyeanza kupiga filamu juu ya watetezi wa wanaume akiwa na shaka nao, alimaliza kwa kusema kwamba hajiiti tena mtetezi wa wanawake kwa jina lile la zamani. Katika filamu hiyo Erin naye anasema yake.

Limebaki jambo moja. Erin alisimulia kwamba alijaribu kufungua nyumba ya wanaume waliopigwa na wake zao. Nyumba ilipatikana. Akawaendea matajiri walewale, wanaume wenyewe, waliokuwa wakimpa fedha kwa ajili ya wanawake wa Chiswick. Hakuna aliyetoa hata senti moja.