Bunagana, mji wetu mdogo chini ya Sabinyo

Mara nyingi mmetuomba tuandike juu ya kule tulikotoka. Leo tunaanza na Bunagana, na sababu ni hii: juzi tulikaa na wadogo zetu chini ya mti, tukawauliza Bunagana ni nini. Mmoja akajibu mbio, "Ni pahali pa vita." Hatukumgombeza. Amezaliwa huku, na jina hilo analisikia redioni tu: mji umeanguka, mji umechukuliwa. Lakini mama yake aliuza maharagwe kule miaka mingi, na hakuna aliyemweleza.

Basi tueleze. Bunagana iko Kivu ya Kaskazini, teritware ya Rutshuru, upande wa Jomba, hapo hapo mpakani na Uganda. Ukitoka nje asubuhi, kama ukungu umeondoka, unauona Sabinyo na vilele vyake vilivyochongoka kama meno mabovu. Ndiyo maana ya jina lenyewe: mzee mwenye meno makubwa. Juu ya kilele chake Congo, Uganda na Rwanda zinakutana. Upande mmoja kuna Gahinga na Muhabura, upande mwingine Mikeno wenye mita 4,437 na Karisimbi wenye mita 4,507. Karisimbi wameuita hivyo kwa sababu ya isimbi, simbi nyeupe, juu ya ule weupe unaokaa kileleni wakati wa baridi. Udongo ni mweusi, wa volkano. Viazi, maharagwe, mahindi, mtama, vyote vinakubali. Na baridi iko! Aliyezoea joto la huku Isingiro asifikiri atalala kule bila blanketi mbili.

Sasa, huo mji ulitoka wapi? Ulitoka kwa mpaka. Mwaka 1910 Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walikaa Brussels, wakagawana milima hii. Bufumbira, yaani Kisoro ya leo, ikaenda kwa Waingereza. Jomba ikabaki kwa Wabelgiji. Ng'ambo ya volkano ikabaki kwa Wajerumani. Watu walikuwa wale wale, wanasikilizana lugha, wanaoana. Wazee wetu hawakuulizwa kitu. Lakini watu wakishawekewa mstari, wanajifunza kuishi nao. Penye mpaka panakuja duane, penye duane panakuja malori, wenye kubadilisha pesa, wamama wa chai na mandazi, vijana wa kusukuma chukudu. Ndivyo Bunagana ilivyokua. Siku za soko, franga na shilingi ya Uganda zilikuwa zinakaa katika mfuko mmoja. Mtu alivuka asubuhi na viazi, akarudi jioni na sabuni na chumvi, na hakuna aliyemwita mkimbizi.

Kitu cha pili kilicholeta wageni ni msitu. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha mbuga ya Albert, ya kwanza Afrika kuitwa mbuga ya taifa, ambayo leo ni Virunga. Waliifanya hasa kwa ajili ya sokwe wa milimani, wale tunaowaita ngagi. Miaka ya 1980 wageni walikuwa wanalala Kisoro, asubuhi wanavuka Bunagana na kupanda Jomba kuwaangalia ngagi. Tusifiche lakini: kwa wengi mbuga ilikuwa pia ukuta. Msitu ambao watu walikuwa wanaingia kutafuta mianzi na asali ukawa wa kukamatiwa. Haya mawili yote ni kweli, na sisi tunayaandika pamoja.

Kuna habari moja tunaipenda sana. Dian Fossey, yule Mmarekani aliyejulikana dunia nzima kwa ngagi wa Rwanda, hakuanzia Rwanda. Alianzia kwetu Congo, Januari 1967, pale Kabara chini ya Mikeno, karibu na kaburi la Carl Akeley aliyefia hapo mwaka 1926. Mwezi wa saba kukawa na machafuko, wanajeshi wakamteremsha mpaka Rumangabo na kumshikilia. Yeye akawadanganya kwamba gari lake lina shida ya karatasi, lazima wampeleke Kisoro akazitengeneze. Wakakubali! Walipofika kwenye hoteli ya Travellers Rest, mwenye hoteli akaita askari wa Uganda, mama akapona. Septemba mwaka ule ule akaanza upya Rwanda, pale Karisoke. Wengi wanajua Karisoke. Sisi tukisoma habari hii tunacheka kidogo: kumbe hata yeye alikimbilia Kisoro, kama sisi. Tofauti yake, alikuwa na gari.

Ya vita mnayajua, hatutakaa sana hapo. Tarehe 6 Julai 2012 M23 waliuchukua mji, hata wanajeshi wa serikali kwa mamia wakavukia Uganda. Mwisho wa Oktoba 2013 serikali ikaurudisha. Watu wakarudi, wakapaka nyumba rangi, wakafungua maduka. Juni 2021 marais wa Congo na Uganda wakazindua kazi za barabara, na ndani yake ile ya Bunagana, Rutshuru mpaka Goma, kilomita 89. Tulisema sasa lami inakuja. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 13 Juni 2022, mji ukachukuliwa tena. Wengi wetu tulipita Nyakabande, tukalala pale kwa mahema, halafu mabasi yakatuleta huku.

Nakivale yenyewe ilifunguliwa kwa Wanyarwanda waliokimbia mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wachache wa wakati ule bado wako. Mmoja alituambia watoto wake walimuuliza sana juu ya kilima chake, yeye akawa anasema kesho, kesho, mpaka majina ya vijito yakamtoka kichwani.

Kwa hiyo tunaomba. Mwenye picha ya soko la Bunagana ya kabla ya 2012, hata kama imechakaa, atutumie. Mwenye mzazi anayejua majina ya vilima kutoka Jomba mpaka mpakani, amrekodi kwa simu, kwa lugha yake mwenyewe. Yule mdogo wetu ameshaanza na mama yake. Jana alikuja kutuuliza kama ni kweli kule maharagwe yanapimwa kwa kopo.

Ni kweli.