Rangi ya kijani ya mpunga hutoka kwa mzazi yupi?

Katika vitalu vya mpunga vya Mang'ula na bonde la Kilombero, mkulima anaweza kuona miche michache imeota myeupe kabisa katikati ya mingine ya kijani. Je, ni ugonjwa, au imerithi? Hapa tunaeleza.

Ukijani wa jani umo ndani ya vichembe visivyoonekana kwa macho, viitwavyo plastidi. Humo ndimo mmea unamotengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mmea hauwezi kuunda plastidi kutoka mwanzo. Ni lazima urithi chache kwa mzazi, kisha zigawanyike na kuongezeka.

Kwa mpunga, mahindi na mimea mingi, plastidi hutoka kwa mama, yaani mmea uliobeba mbegu. Chavua ya baba huleta vinasaba vya kiini cha seli, lakini plastidi zake huachwa au huharibika njiani. Mwaka 1909, Mjerumani Carl Correns alieleza majaribio yake ya ua la bustani lenye matawi ya kijani, meupe na ya mabaka. Mbegu za tawi jeupe zilitoa miche myeupe, hata chavua ilipotoka tawi la kijani. Lakini si mimea yote iko hivyo: kwa misonobari, kama ile ya Mufindi, plastidi hutoka kwa baba.

Basi, je, mche mweupe wa mpunga ni kosa la plastidi za mama? Mara nyingi sivyo. Kasoro huwa kwenye vinasaba vya kiini, ambavyo hutoka kwa wazazi wote wawili. Mpunga hujichavusha wenyewe, hivyo shina la kijani lenye kasoro iliyojificha huweza kuzaa, kwa wastani, mche mmoja mweupe kati ya minne. Mche huo huishi kwa akiba ya punje, ikiisha, hufa. Hauambukizi mingine.

Tusiuchanganye na kimyanga. Huo ni ugonjwa wa virusi: majani ya kijani hugeuka manjano na mpunga hudumaa. Huenezwa na wadudu wanaotafuna majani, na haurithiwi kupitia mbegu.

Kwa hiyo, miche myeupe ikijitokeza kila msimu, badilisha mbegu. Ukiona dalili za kimyanga, kubadilisha mbegu ya aina ileile hakutoshi: ng'oa mashina yaliyougua mapema na umwite afisa ugani.