Kutu kwenye zana: namna ya kuitoa bila kuharibu uso wa chuma

Kutu ni kile kinachobaki chuma kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, haishiki. Ni oksidi ya chuma iliyobeba maji ndani yake, nyepesi na yenye vitundu, nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana hufura, hubanduka na kuupisha unyevu uendelee kula chini. Oksidi ya alumini hufanya kinyume chake: hung'ang'ania juu ya sufuria na kuikinga.

Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, haina upepo wa chumvi unaomaliza mabati ya Tanga na Kilwa. Hata hivyo mji umekaa ukingoni mwa ziwa, una mvua za vuli na za masika, na kule Magugu wakulima wa mpunga hushinda na majembe matopeni. Jembe likirudi na udongo mbichi na kutupwa kwenye kona ya stoo, kesho yake lina madoa ya rangi ya chungwa. Madoa hayo ya juu juu hutoka kwa kitambaa chenye mafuta. Yakiachwa msimu mzima huchimba vishimo, na kishimo hakizibiki. Fundi anaweza tu kuondoa kutu iliyomo.

Kabla ya kushika msasa, inafaa kutazama kilicho chini ya kutu. Spana nyingi zimetiwa krome. Koleo na biti za kutobolea huwa na weusi wa kiwandani, ambao ni utando mwembamba wa oksidi. Ndoo na nyaya zina zinki. Visu na mikuki ya wahunzi wa Kidatoga, wanaojulikana Hanang' na kwingineko Manyara kwa kufua vyuma chakavu, huweza kuwa na ngozi nyeusi iliyoachwa na moto. Ngozi hiyo si uchafu wala si kutu. Anayeisugua hadi chuma kiwe cheupe amekivua kinga yake na kufuta alama ya nyundo ya mhunzi.

Kwa kutu nyepesi, njia ya upole ndiyo ya kwanza: zana ipakwe mafuta ya taa au dizeli, iachwe usiku kucha, kisha isuguliwe kwa stiliwaya laini kabisa kufuata mistari ya kiwandani. Msasa wa maji wa namba 600 na kuendelea hufaa kwa bapa la randa au patasi, mradi uwe na mafuta. Brashi ya waya ni ya majembe na mapanga. Grenda, ambayo karibu kila gereji inayo, ndiyo huharibu zana nyingi kuliko kutu yenyewe. Jiwe lake hupasha ncha ya patasi joto kwa muda mfupi sana, na chuma kikionyesha rangi ya bluu, joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Hapo ugumu umeshapungua, na patasi itakuwa butu kila siku.

Kutu iliyozama huhitaji asidi dhaifu. Siki, maji ya limau na maji ya ukwaju zote huiyeyusha kwa saa kadhaa, lakini hazibagui: weusi wa kiwandani na zinki huondoka pia, na mpini wa mbao ukilowekwa hufura na kulegea. Soda ya kola ina asidi ya fosforasi, ambayo hugeuza sehemu ya kutu kuwa fosfeti ya chuma. Ushauri wa kuongeza chumvi kwenye maji ya limau ili yafanye kazi haraka usifuatwe, kwani kloridi ya chumvi hiyo ikibaki kwenye vishimo hurudisha kutu upesi. Maji ya betri ni makali mno: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu, na springi au msumeno huweza kukatika bila onyo. Wala siki isichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Krome haipendi asidi wala msasa. Karatasi ya alumini iliyokunjwa na kuloweshwa maji huondoa vidoa bila kuikwaruza, kwa kuwa alumini ni laini kuliko krome. Ilipokwisha kubanduka, hakuna dawa zaidi ya mafuta.

Mafundi wenye chaja ya betri ya volti 12 wana njia nyingine. Zana huzamishwa kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi soda, ikaunganishwa na waya wa hasi. Kipande cha chuma chakavu huunganishwa na chanya. Kutu hulegea huku chuma kizima kikisalimika, ingawa rangi huweza kubanduka. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, maana hutoa kromiamu yenye sumu. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni hutoka. Magadi ghafi ya ziwani huwa na chumvi ndani, hivyo yale ya dukani ni afadhali.

Baada ya njia yoyote ya maji, zana isuuzwe, ikaushwe juani mara moja na kupakwa mafuta, la sivyo kutu mpya huanza kabla ya chakula cha mchana. Mafuta ya alizeti, yaliyo tele Manyara na Singida, si chaguo zuri: yakikaa hugandamana na kunata kama gundi. Oili ya cherehani ni bora, au nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo kwa randa na patasi. Na mwenye stoo moja tu atundike zana ukutani, mbali na mifuko ya mbolea na chumvi, ambazo huvuta unyevu na kuuleta kwenye chuma.