Koti la malale

Mpui iko juu, kwenye nyasi na baridi ya Ufipa. Mbung'o wao wanapenda kule chini, kwenye mapori ya mabonde yenye joto, na mfugaji anayeshusha ng'ombe huko anajua anacheza kamari.

Kusini zaidi, kwenye Bonde la Luangwa, Zambia ya leo, mtu mmoja aliambukizwa malale mwaka 1909 akaishia Liverpool. Ronald Ross na David Thomson wakawa wanahesabu vimelea kwenye damu yake siku hadi siku. Idadi ilipanda, ikaporomoka kana kwamba anapona, kisha ikapanda tena. Kwa nini? Hawakuwa na hadubini ya kuwajibu.

Kipande cha jibu kilikuwa kimeshaonekana Italia mwaka 1898. Camillo Golgi alipaka madini ya fedha kwenye ubongo wa bundi (ndiyo, bundi huyo huyo anayetukosesha usingizi akilia juu ya bati) akaona wavu mdogo ndani ya seli. Wengi walisema ni uchafu wa dawa yake tu. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka hamsini, mpaka hadubini ya elektroni ilipoumaliza.

Kumbe ule wavu ni stendi. George Palade, aliyepata Nobel mwaka 1974, alionesha pamoja na wenzake kwamba protini za kutoka nje ya seli hupitia hapo. Humaliziwa kwa kubandikwa sukari, hupangwa, hufungwa kwenye vifuko na kusafirishwa. Fikiria mizigo ya Sumbawanga: huu wa Mpanda, huu wa Tunduma, kila mmoja na alama yake.

Kimelea cha malale kina Golgi moja tu, na kazi yake kubwa ni koti. Keith Vickerman alilieleza koti hilo mwaka 1969: tabaka zito la protini, ambayo sasa tunajua ni ya aina moja, nakala kama milioni kumi. Zote hutoka Golgi na kufika nje kupitia kimfuko kimoja kwenye shina la mkia. Kinga ya mwili ikishalijua koti, inaua wengi. Wachache wameshavaa jingine, na hao ndio wanaozaana. Ile hesabu ya Liverpool ilikuwa inapanda na kushuka kwa kubadilisha nguo!

Vimelea vya ng'ombe wana ujanja huo huo. Ndiyo maana chanjo haipo hadi leo, na mfugaji aliyeshuka bondeni bado anategemea sindano na mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi.