Kutoka Nyanza hadi Kanombe: Tarehe ya Baraza na Ofisi za Rwanda

Serikali ya Rwanda ni ya kale kuliko mji wake mkuu. Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, daktari wa Kijerumani aliyekuja kwanza kutafuta chimbuko la mto Naili, na haikuwa makao makuu ya nchi hadi mwaka 1962. Karne kadhaa kabla ya Kandt, Rwanda ilikuwa na mwami, yaani mfalme, mama wa mwami, majemadari, wakusanya kodi, watunza siri za dola na washairi wa ikulu. Wote hao hawakuwa na jengo la kudumu hata moja. Mwami akihama kilima, serikali nzima inahama naye: ng'ombe, ngoma, wake, waamuzi na wenye mashtaka yao.

Aliyewashinda wafalme wote kwa kuhama ni Kigeri wa Nne Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Alipigana hadi kisiwa cha Ijwi katika ziwa Kivu, na alijenga makao huku na huku, akaweka humo mke wake mmoja au mtu anayemwamini asimamie. Makao hayo ndiyo yaliyokuwa ofisi za serikali. Ushuru uliletwa pale, mashtaka yalisikilizwa pale, na habari za eneo zilitoka pale kwenda kwa mwami. Wengi wakizungumzia wanawake katika utawala wa Rwanda huanza na bunge la baada ya katiba ya 2003. Mimi ningeanza na wake za Rwabugiri.

Huko Nyanza, kwenye kilima cha Rukari, nyumba ya mwami imejengwa upya kwa miti na nyasi ili watu waione. Mbele ni karubanda, uwanja ambapo mwenye shida alisubiri hadi aitwe, na kusubiri huko kungeweza kuchukua siku nyingi. Nyuma ya nyumba kubwa kuna vibanda viwili. Kimoja ni cha maziwa, ambacho mtunzaji wake alikuwa msichana asiyeolewa. Kingine ni cha pombe, mtunzaji wake kijana asiyeoa. Maziwa hukaa katika vyombo vya mti vilivyochongwa vizuri, kila kimoja na kifuniko chake cha kusukwa kilichochongoka juu. Msichana yule alikuwa mtumishi wa dola kamili. Kinywaji cha mwami kilipita mikononi mwake, na sumu ilikuwa hatari ya kweli katika ikulu zote za dunia.

Cheo kizito kuliko vyote kilikuwa cha abiru. Hawa walihifadhi ubwiru, yaani kanuni za siri za ufalme: namna ya kumsimika mwami, kumzika, kuanzisha mavuno, kuomba mvua, kupeleka jeshi vitani. Kanuni hizo zilikuwa maandiko 18 yasiyoandikwa popote. Zilikaa vichwani, zikirithiwa kwa koo. Abiru ndio waliojua jina la mrithi na jina la kifalme atakalopewa, kwa sababu majina yalikuja kwa zamu, na kila jina na kazi yake: Kigeri na Mibambwe wa vita, Yuhi wa moto, Mutara na Cyirima wa ng'ombe. Katika miaka ya 1940 padri na mwanahistoria Alexis Kagame aliruhusiwa na mwami kuziandika kanuni hizo. Bila kazi yake, leo tungebaki na vipande tu.

Nje ya ikulu, kilima kimoja kingeweza kuwa na wakubwa watatu. Mmoja alisimamia ardhi na kodi ya mazao, wa pili malisho na ng'ombe, wa tatu jeshi. Kwa mkulima ulikuwa mzigo mzito, maana kila mmoja alidai chake, na chini ya Rwabugiri kazi ya lazima iitwayo uburetwa iliwaelemea wanyonge hasa. Hata hivyo palikuwa na upenyo: aliyeonewa na mkubwa wa ardhi aliweza kukimbilia kwa mkubwa wa malisho, kwa kuwa wakubwa hao waliviziana na kusemeana kwa mwami. Sitaki kuipamba enzi hiyo. Nasema tu kwamba mtu mdogo alikuwa na zaidi ya mlango mmoja wa kubisha.

Kanuni za abiru zilivunjwa na watu wa ndani kabla ya mgeni yeyote kuzigusa. Rwabugiri alipompa mwanawe Rutarindwa ufalme, alimpa na Kanjogera, mmoja wa wake zake, ashike cheo cha mama wa mwami, kwa kuwa mama mzazi wa kijana alikuwa amekufa. Lakini Kanjogera alikuwa na mwanawe wa kumzaa. Mwaka 1896, huko Rucunshu, yeye na kaka yake Kabare walimpindua Rutarindwa, naye akafa ndani ya nyumba iliyowaka moto. Mtoto Musinga akawa Yuhi wa Tano, na dola ikaongozwa na mama na mjomba.

Ndipo Wazungu walipoingia, na ikulu ikawapokea kwa hila. Kandt alipofika mwaka 1898 alionyeshwa mwanamume mzima, Mpamarugamba, aliyekaa kwa niaba ya mwami mtoto. Kandt alitambua kwamba huyo siye. Wajerumani hawakuwa na watu wa kuitawala nchi yenyewe, maofisa wao walihesabika kwa vidole, kwa hiyo walitawala kupitia ikulu ya Nyanza. Pamoja nao walikuja askari na makarani waliozungumza lugha ya pwani, na Kiswahili kikawa lugha ya barua za serikali. Vijana wa ikulu walifunzwa kukisoma na kukiandika, na Musinga mwenyewe akakijua. Nalitaja hili kwa sababu baadhi yetu hudhani Kiswahili kiliingia katika ofisi za Rwanda mwaka 2017, kilipofanywa lugha rasmi. Kilikuwa kwenye meza ya mwami zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Wabelgiji walioingia mwaka 1916 walikuwa na subira ndogo zaidi. Mwaka 1917 mwami alinyang'anywa haki ya kuhukumu kifo. Mwaka 1923 akazuiwa kuteua wala kufukuza machifu bila idhini ya Wabelgiji. Mwaka 1925 sherehe ya umuganura, ya malimbuko ya mavuno, ilipigwa marufuku, na Gashamura, mkuu wa abiru, akahamishiwa Burundi. Kuanzia 1926 wale wakubwa watatu wa kilima walifutwa, akabaki chifu mmoja mwenye kila kitu: kodi, kazi ya lazima, hukumu. Mageuzi hayo yanabeba jina la Mortehan, aliyekuwa Rezidenti wa Ubelgiji. Yalirahisisha kazi ya karani, na yakafunga ule upenyo wa mkulima. Tena nafasi hizo za uchifu zilikwenda karibu zote kwa Watutsi, huku ofisi hizohizo, katika miaka ya 1930, zikiandika katika kitambulisho cha kila mtu kama ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Katika tarehe ya ofisi za Rwanda siijui karatasi iliyozaa msiba kuliko hiyo.

Tarehe 12 Novemba 1931 Musinga aliondolewa. Siku nne baadaye mwanawe Rudahigwa alisimikwa na gavana Mbelgiji, akapewa jina Mutara bila abiru kuulizwa. Rudahigwa akaendesha gari, akabatizwa mwaka 1943, na kufariki ghafla Bujumbura tarehe 25 Julai 1959. Kwenye maziko yake kilimani Mwima, mbele ya gavana Harroy na umati wa waombolezaji, sauti ilisikika ikidai mrithi atajwe kabla kaburi halijafungwa. Akatajwa papo hapo: Kigeri wa Tano Ndahindurwa, kijana wa miaka 23. Utawala wa kikoloni ulipigwa na butwaa. Ilikuwa mara ya mwisho kwa abiru kufanya kazi yao ndani ya nchi.

Enzi ya Kigeri haikudumu. Ghasia za Novemba 1959 ziliwafukuza Watutsi wengi makwao, Januari 1961 jamhuri ikatangazwa Gitarama, na kura ya maoni ya Septemba mwaka huo ikaufuta ufalme. Kigeri aliishi Tanzania, Uganda na Kenya, kisha akahamia Marekani mwaka 1992. Huko Virginia, akiwa mkimbizi katika nyumba ya kawaida, aliendelea kutunuku nishani na vyeo vya ufalme usio na kilima hata kimoja. Naona heshima katika hilo, na huzuni pia. Alifariki mwaka 2016, akarudishwa kuzikwa Mwima Januari 2017.

Jamhuri ilihamia Kigali, ambayo wakati wa uhuru ilikuwa mji mdogo sana. Wizara zilijengwa polepole, na serikali ikashuka hadi wilaya zilizoitwa komini, kila moja na burugumesitiri wake, yaani meya. Tarehe 5 Julai 1973 Jenerali Juvénal Habyarimana alimpindua Rais Kayibanda. Habyarimana ndiye aliyeifanya Kanombe kuwa jina la utawala. Nyumba yake ilijengwa pale mashariki mwa jiji, karibu na uwanja wa ndege na kambi ya kijeshi, na nguvu za nchi zikakusanyika katika mtaa huo mmoja: rais, ndege na bunduki.

Wanaotembeza wageni katika nyumba hiyo huonyesha kanisa dogo, bwawa la kuogelea na vyumba vilivyofichwa nyuma ya milango isiyoonekana. Wageni hupenda sana milango hiyo. Mimi naona mlango mzito zaidi ulikuwa ule usiojengwa na fundi yeyote. Katika miaka ya 1980 watu walianza kuita kundi la ndugu na maswahiba wa familia ya rais akazu, nyumba ndogo, jina lililokuwa likitumika zamani kwa watu wa ndani wa ikulu ya mwami. Waziri aliweza kuwa na ofisi, gari na muhuri, na bado uamuzi ukafanyika kwingine. Kanjogera na Kabare wangeielewa hali hiyo bila kuelezwa.

Tarehe 6 Aprili 1994 Habyarimana alikuwa Dar es Salaam katika mkutano wa marais kuhusu mapatano ya amani yaliyosainiwa Arusha Agosti 1993. Jioni alirudi na ndege yake ya Falcon 50, akiwa na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ndege ilitunguliwa ikikaribia kutua, na vipande vikaangukia penye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Wote 12 walikufa.

Usiku ule ofisi ilikuwepo na kanuni ilikuwepo. Rais amekufa, waziri mkuu, Bi Agathe Uwilingiyimana, alikuwa hai, ana cheo na yuko tayari kuzungumza na taifa kwa redio. Kanali Théoneste Bagosora, aliyeongoza kikao cha maofisa wa jeshi, alikataa kumtambua. Asubuhi ya tarehe 7 waziri mkuu aliuawa. Siku hiyohiyo aliuawa Joseph Kavaruganda, rais wa mahakama ya katiba. Waliokuwa na mamlaka ya kisheria ya kuendeleza dola waliondolewa kwanza, kisha serikali nyingine ikatungwa chini ya Jean Kambanda, na mashine ya utawala, kuanzia mikoa hadi kwa maburugumesitiri, ikageuzwa kuwa mashine ya kuua. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalidumu takriban siku 100 na kuua zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu ya serikali ya Rwanda. Vizuizi barabarani vilikagua vitambulisho vilevile vya miaka ya 1930. Mwaka 1998 mahakama ya kimataifa huko Arusha ilimhukumu Kambanda kifungo cha maisha, kiongozi wa kwanza wa serikali duniani kupatikana na hatia ya mauaji ya kimbari.

Kitambulisho kipya hakitaji kabila. Mageuzi ya 2006 yaliigawa nchi katika mikoa minne na jiji la Kigali, wilaya 30, na chini yake tarafa, kata na vijiji. Kanombe ikawa moja ya tarafa 10 za wilaya ya Kicukiro. Serikali imerudisha pia baadhi ya desturi za ikulu ya kale kwa kazi mpya. Imihigo, nadhiri walizotoa mashujaa mbele ya mwami, sasa ni ahadi za utendaji ambazo mameya huzisaini mbele ya rais. Umuganura huadhimishwa tena kila Agosti. Cheti cha kuzaliwa huombwa kwa simu kupitia Irembo, jukwaa la huduma za serikali, na karubanda ya kusubiri imepungua sana.

Nyumba ya Kanombe ilifunguliwa kwa umma kama makumbusho ya ikulu, na tangu 2018 ni Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Picha na sanamu zililetwa kutoka Rwesero, Nyanza, katika jumba lililojengwa kwa ajili ya Rudahigwa, ambaye alifariki kabla ya kulala humo. Sanaa hiyo inastahili kuta nzuri na sina ugomvi nayo. Ombi langu kwa wasimamizi ni chumba kimoja tu humo ndani kwa ajili ya tarehe hii: orodha ya abiru na wajibu wao, kitambulisho cha kale, ramani ya komini, na picha ya Bi Uwilingiyimana pamoja na kifungu cha katiba kilichompa mamlaka usiku ule. Mgeni aliyekwisha kuonyeshwa milango ya siri aonyeshwe pia ule uliokuwa wa halali.