Nyoka Aliyepoteza Herufi

Miaka mingi iliyopita, kijana mmoja alinisomea shairi lake. Alipofika kwenye neno "nshafika" nilimkatiza, nikamwambia huo ni uvivu wa ulimi. Hakuniletea shairi jingine.

Aliyenisuta baadaye ni nyoka wa Kiingereza. Leo Waingereza humwita "adder", lakini katika Kiingereza cha kale jina lake lilikuwa "nædre". Nuni ile ilikwenda wapi? Kiingereza hutanguliza "a" mbele ya nomino inayoanza na konsonanti, na "an" mbele ya inayoanza na vokali. Mtu asemapo upesi, "a nadder" na "an adder" husikika sawasawa. Nuni imekaa kati, haijulikani ni ya neno lipi. Katika Zama za Kati wasikilizaji waliikata pasipo pake, na nyoka akapoteza herufi yake. Hivyo hivyo "napron", lililotoka kwa Wafaransa, likawa "apron". Wengine walifaidika: "an ekename", yaani jina la nyongeza, likawa "nickname". Hata "goodbye" lilikuwa dua kamili, "God be with ye", Mungu awe nanyi, ambayo ndimi zenye haraka zilisaga hadi ikawa neno moja.

Sisi nasi tumekata pasipo pake. Amri ya barabarani, "keep left", ilipofika masikioni mwetu ilisikika kama nomino ya ngeli ya ki-vi. Tukapata kipilefti, na vipilefti vikafuata bila kuuliza njia.

Ndipo nikalirudia neno la yule kijana. "Nimekwisha kufika" lina mizani saba. Matumizi yalilifupisha likawa "nimeshafika", mizani tano, kisha "nshafika", mizani nne. Mimi niliyemkemea nilikuwa nikiandika "mwanangu" badala ya "mwana wangu" kila nilipopungukiwa na nafasi, na sikuona kosa. Tofauti ilikuwa umri tu: mkato wangu ulikwisha kuzoeleka, wake ulikuwa ungali mbichi.

Sisemi kila mkato ufae kila mahali. Nasema ulimi wenye haraka haukuanza jana, wala si adui wa lugha. Ningempata kijana yule leo, ningemwomba radhi, kisha nimsihi aendelee kusoma kuanzia pale nilipomkatiza.