Nani Alizilipia Kuni za Bure?

Katika miaka yangu ya kufundisha historia, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, tulifundisha habari za chuma, pembe za ndovu, misafara, reli na mashamba makubwa. Kuni hazikuwa na somo lake. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya mambo hayo lililofanyika bila kuni. Wafipa walioyeyusha chuma katika matanuri yao marefu ya udongo waliyalisha mkaa, na mkaa hutoka mtini. Wapagazi waliobeba pembe kutoka bara hadi pwani walikoka moto kila walipotua mizigo. Kuni zimesahauliwa na vitabu kwa sababu zilidhaniwa kuwa ni kitu cha bure. Nami nataka kuonyesha kwamba hazijapata kuwa bure hata siku moja. Kila palipokuwa na kuni rahisi, alikuwapo mtu aliyezilipia, na mara nyingi mtu huyo hakuulizwa.

Tuanze na jiko la zamani, lile la mafiga matatu. Kwa kawaida mama wa nyumba alikwenda kusenya kuni, hakwenda kukata mti. Alichukua matawi yaliyokufa na kukaukia juu ya mti wenyewe, au yaliyoangushwa na upepo, akayafunga tita na kulitwika kichwani juu ya ngata. Nyumbani hakuyachoma yote siku ile. Sehemu aliipandisha kwenye uchaga juu ya meko, moshi na joto vizidi kuikausha na kuwafukuza wadudu. Wahenga walisema kuni zilizo uchagani huzicheka zilizo motoni. Sisi walimu tuliifundisha methali hiyo kama onyo kwa anayemcheka mwenzake aliye taabuni, lakini mimi huisoma pia kama kumbukumbu ya ufundi. Inatueleza kwamba nyumba iliyotunzwa vizuri ilikuwa na kuni za leo motoni na kuni za kesho juu, zikingoja zamu yao. Msitu haukupungua sana kwa desturi hiyo. Aliyelipa alikuwa mama, kwa shingo yake na kwa macho yake yaliyokaa moshini.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mvuke. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Vichwa vya treni vilikula kuni, na haikuchukua muda watawala wakaona kwamba miti ya asili ya kando ya njia haitatosha. Ndiyo maana tangu mwaka 1902 mikaratusi, mti wenye asili ya Australia, ilianza kujaribiwa Kenya ili reli ipate kuni zinazokua upesi. Huku kwetu Reli ya Kati iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, nayo ikawa na marundo ya magogo kando ya njia yake. Kwa mara ya kwanza ukuni ulipimwa, ukaandikwa katika daftari na kulipiwa fedha. Na kitu kikishakuwa na bei, hakikosi kupata mwenyewe. Wajerumani walitoa amri ya kulinda misitu mwaka 1904, na Waingereza wakaanzisha Idara ya Misitu ya Tanganyika mwaka 1921. Sisemi kwamba kulinda misitu kulikuwa kosa. Vyanzo vingi vya maji tunavyonywea leo vimo ndani ya misitu iliyowekewa mipaka wakati ule. Nasema tu kwamba mama aliyezoea kusenya mahali fulani alifika siku moja akakuta mpaka na mlinzi, ilhali reli ilikuwa na kibali chake.

Baadaye lilikuja zao la tumbaku. Ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, uliacha ardhi iliyofyekwa huko Urambo, na katika miaka ya 1950 tumbaku ikashika nafasi ya karanga. Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa joto la moto unaowaka usiku na mchana kwa siku kadhaa. Mkulima hakununua kuni hizo. Alizikata katika miombo iliyomzunguka. Hivyo katika hesabu zake kuni ziliandikwa sifuri, na tumbaku ikaonekana kuwa na faida kubwa kuliko ilivyokuwa. Sifuri ile ilikuwa deni, nalo lililipwa na waliokuja kulima baada yake.

Kisha vikaja vijiji. Kati ya miaka ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Nilikuwa mwalimu kijana, na niliona kwa macho yangu shule na zahanati zikisimama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Lakini kaya zilizotawanyika mabondeni zilikuwa zikisenya katika eneo kubwa. Zilipokaa pamoja, zote ziliusenya msitu mmoja. Kuni za karibu zilikwisha, na safari ikawa ndefu mwaka hata mwaka.

Mwanahistoria hutafuta ushahidi, nami ushahidi wangu niliukuta katika daftari la mahudhurio. Katika shule moja niliyofundisha, wasichana wa madarasa ya juu walikosa vipindi vya asubuhi siku zile zile za wiki, zamu kwa zamu. Wavulana hawakuwa na tabia hiyo. Nilipouliza, niliambiwa kwa urahisi kabisa: "Mwalimu, leo ni siku ya kuni." Na shule yenyewe haikuwa nje ya jambo hilo, maana ilikuwa desturi ya shule nyingi kila mtoto kuja na ukuni mkononi kwa ajili ya jiko la uji na la walimu. Jiko la shule lilionekana halina gharama. Kumbe gharama ilikuwa mle daftarini, imeandikwa kwa wino mwekundu kama utoro wa wasichana.

Upungufu huo ulionekana wazi huko Shinyanga. Vichaka vingi vilikuwa vimefyekwa tangu enzi za Waingereza ili kuwafukuza mbung'o, kisha yakaongezeka mashamba ya pamba na mifugo, hadi watu wengi wakawa wanapikia mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe. Samadi inayochomwa jikoni haiendi shambani, kwa hiyo jiko lilianza kula hata mavuno ya mwaka ujao. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI. Hekima yake ilikuwa kurudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho kwa msimu ili majani yapone kwa ajili ya kiangazi. Ngitili zilipofungwa, visiki vilivyodhaniwa kufa vilichipua, na kuni zikarudi karibu na nyumba. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kwa majirani zetu Kenya, Wangari Maathai alikuwa ameanza tangu mwaka 1977 kuwahimiza akina mama wapande miti, na mojawapo ya mahitaji waliyomweleza ni hilo hilo la kuni. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Sasa niseme habari za jiko nililolisimamia mwenyewe. Katika chuo kimoja nilichotumikia, kuni zililetwa kwa trela la trekta, magogo mabichi yanayotoka utomvu, na zilichomwa wiki ile ile kwa sababu hapakuwa na akiba. Wapishi walikohoa, maharage yalichelewa, na trela halikufikisha mwisho wa mwezi. Mhasibu alisema bei ni nafuu. Nilichukua ubao nikamfanyia hesabu, nami nairudia hapa kwa faida ya msomaji. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Anayenunua tani moja ya kuni mbichi, basi, amenunua karibu nusu tani ya maji. Maji hayo lazima yageuke mvuke kabla ukuni haujawaka sawasawa, na kuyageuza mvuke maji yaliyokwisha kuchemka huhitaji joto zaidi ya mara 6 ya lile lililoyafikisha kwenye kuchemka. Moto ule ulikuwa unapika maji ya ndani ya gogo kabla ya kupika maharage.

Tulibadili utaratibu. Tulijenga banda lenye paa na lisilo na kuta, tukanunua kuni za nusu mwaka mbele. Magogo ya mikaratusi tuliyachanja yangali mabichi, kwa sababu yakikauka huwa magumu na kuudhi shoka. Yaliyogoma tuliyapasua kwa kabari. Vipande tulivifanya vya unene wa kifundo cha mkono, tukavipanga juu ya mawe ili mchwa wasivifikie, na kuacha nafasi upepo upite. Baada ya miezi sita hivi tulivijaribu kwa kugonganisha viwili: ukuni mbichi hutoa sauti nzito, mkavu hulia kwa ukali, na ncha zake huwa na nyufa. Tuliomba pia mabanzi kwa wapasua mbao, lakini tulikataa mbao zilizopakwa rangi na nguzo zilizotiwa dawa, maana moshi wake ni sumu. Na tulipanda mikaratusi yetu wenyewe, mbali na chemchemi kwa kuwa mti huo ni mlafi wa maji. Ukikatwa vizuri huchipua tena kisikini. Fedha za kuni zilipungua, lakini furaha yangu kubwa ilikuwa kumwona mpishi wetu mkuu, mama wa makamo, akiingia jikoni bila kufunga kitambaa usoni.

Leo mambo yanageuka tena. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na mkakati uliozinduliwa mwaka huo umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Naliunga mkono lengo hilo. Lakini mtungi wa gesi hununuliwa kwa fedha taslimu na kwa mkupuo, ilhali tita la kuni laweza kulipwa kwa miguu na shingo. Nyumba isiyo na fedha itaendelea kulipa kwa namna hiyo ya pili, na mlipaji atakuwa yule yule. Mpaka siku gesi au umeme utakapomfikia kwa bei anayoiweza, ana haki ya kupata mti uliopandwa karibu, kuni zilizokaushwa, na jiko banifu lenye dohani ya kutolea moshi nje.

Kwa vijana wanaotafiti historia za vijiji vyao nina ombi. Kabla ya kuuliza habari za machifu, waulizeni bibi zenu swali moja: mlipoolewa mlisenya wapi, na mlipopata mjukuu wa kwanza mlisenya wapi? Andikeni majina ya mahali hapo, kisha mwende kwa miguu na kuhesabu saa. Fanyeni hivyo mapema, maana wanaojua majibu ni wazee.